Mtoto haumwi, mbona wanataka damu yake?

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa swali, manake watu wengi wanalo ila wanaishia kulinong'ona kwenye kijiwe cha kahawa. Nalifupisha ili na wengine wafuate. Unasema watu wa utafiti wamepita kijijini kwenu Rorya, wakaomba kumtoa damu mwanao wa miaka sita, mtoto mzima kabisa anakimbiza mpira kutwa nzima, wakaeleza kwamba wanaangalia seli za kinga na kansa ile ya taya, na hela ya utafiti inatoka serikali ya Marekani. Unauliza kwanini wachukue damu ya mtoto asiyeumwa, Mmarekani anafaidika nini kutoa kodi yake kwa ajili ya damu ya mtoto wa Rorya, sisi wenyewe tumepata nini miaka yote hii maana mama yako anakumbuka alivyokuwa anamezeshwa vidonge vya klorokwini pale Shirati enzi za utoto wake, na mwisho kama ni kweli yale maneno ya kijijini kwamba damu inauzwa.

Utafiti uliokuja kwenu siujui kwa jina kwahiyo siwezi kuutetea wala kuuponda. Ila kansa yenyewe naijua, na historia yake naijua vizuri kwa sababu ni moja ya mambo machache makubwa ya sayansi ya kinga yaliyoanzia hapa hapa kwetu, kando ya ziwa hili hili la Victoria, na wewe umekaa katikati yake bila kuambiwa.

Kansa inaitwa limfoma ya Burkitt, wengi wanasema Burkitt tu. Ni kansa ya seli B, zile seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, yaani protini za kukamata vijidudu. Inapenda watoto, hasa wa miaka kama minne mpaka tisa hivi, inaanzia taya, meno yanalegea, au inaanzia tumboni, na inakua haraka kuliko karibu kansa yoyote ya binadamu, seli zake zinajizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi mwenye jicho moja (lingine alilipoteza utotoni), alionyeshwa mtoto wa kwanza pale hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, uso umevimba pande zote nne za taya, na wiki chache baadaye akamkuta wa pili Jinja mwenye uvimbe ule ule. Akaandika mwaka 1958. Baadae akaanza kutuma barua kwenye mahospitali ya serikali na ya misheni kuuliza hivi na nyie mnawaona watoto kama hawa, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari la mtumba wakaendesha maili 10,000 kwa wiki kumi, kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakisimama hospitali moja hadi nyingine wanauliza.

Walichokipata ni ramani. Ugonjwa uko kwenye mkanda mpana wa nchi za joto na mvua, ukipanda juu ya futi elfu tano hivi unaisha, Rwanda na Burundi kwenye milima haupo, baridi ikizidi haupo, ukame ukizidi haupo. Ukiitazama ramani hiyo kwa mbali unaona ni ramani ya mbu. Wao mwanzoni walidhani mbu anabeba kirusi cha kansa. Haikuwa hivyo, ila hawakuwa mbali, tutafika.

Sasa hela. Hapa ndipo jibu la swali lako la Mmarekani linapoanza.

Machi 1961 Burkitt alikuwa London anatoa mhadhara kwenye hospitali ya Middlesex, na mtaalamu mmoja wa virusi, Anthony Epstein, akakaa akasikiliza, akasema moyoni hii kansa lazima ina kirusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinapanda ndege kutoka Kampala kwenda London. Miaka miwili Epstein anaangalia hakuna kitu. Kilichomuokoa ni ruzuku ya dola 45,000 kutoka Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani, yaani hela ya mlipakodi wa Marekani, akaajiri wasaidizi wawili, Yvonne Barr na Bert Achong. Desemba 1963 ndege yenye sampuli ikashindwa kutua London kwa ukungu ikapelekwa Manchester, sampuli ikafika imechelewa na maji yake yamekuwa na ukungu kama yameingiliwa na bakteria, mtu mwingine angemwaga. Epstein akaweka tone chini ya hadubini akakuta sio bakteria ni seli za uvimbe zenyewe zimejitenga zinaelea, zina afya, na ndio zikakubali kukua maabara kwa mara ya kwanza. Februari 1964 akaziweka kwenye hadubini ya elektroni akakiona kirusi. Ndio kirusi cha Epstein-Barr, EBV, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu.

Kwanini Marekani ilitoa hela kwa Mwingereza anayechunguza uvimbe wa mtoto wa Uganda? Sio huruma, au sio huruma peke yake. Miaka ile waliamini leukemia, yaani kansa ya damu, ya watoto wao inaletwa na kirusi, na mwaka 1964 bunge lao likatenga dola milioni 10 kwa mradi maalum wa kutafuta virusi vya leukemia, wakiota chanjo. Uganda ilikuwa mahali ambapo kansa ya seli za damu za watoto inaonekana wazi wazi inafuata jiografia, kwahiyo walikuja kutafuta jibu lao kwetu. Mimi sioni ubaya kusema hivyo. Serikali inayotumia kodi ya watu wake inatakiwa iwe na sababu ya kuwaambia watu wake, na sababu hiyo inaweza kutufaa na sisi tukiwa makini. Chanjo ya leukemia hawakuipata, leukemia nyingi za watoto hazikuwa na kirusi. Ila utaalamu wa virusi walioujenga kwenye mradi ule ndio uliokuwepo tayari UKIMWI ulipokuja miaka ya 80, na hilo hakuna aliyelipanga.

Na mwaka 1967 taasisi hiyo hiyo ya kansa ya Marekani ikashirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere kufungua kituo cha kutibu limfoma pale Mulago, leo ndio Taasisi ya Kansa ya Uganda. Daktari kijana wa Kimarekani John Ziegler akapewa akiongoze. Pale ndipo ilipoonekana wazi kwamba kansa hii unaweza kuiponya kwa dawa peke yake bila kisu wala mionzi, mtoto uso umevimba anapewa dawa iitwayo cyclophosphamide na baada ya siku chache uvimbe umeyeyuka. Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker mwaka 1972 kwa kazi hiyo. Mwaka huo huo Idi Amin akafukuza Wahindi, nchi ikaanza kuporomoka, Wamarekani wakaondoka, na kituo kikashikwa na Mganda, Profesa Charles Olweny, akakibeba katika miaka ambayo hata gozi ya kufungia vidonda hospitalini ilikuwa shida. Watu wanapenda kumtaja Burkitt. Olweny anatajwa kidogo sana na kwangu mimi hilo ni kosa.

Haya, damu ya mtoto mzima.

Shida kubwa ya kirusi cha EBV ni kwamba kila mtu anacho. Watu wazima tisa na nusu katika kumi duniani wamebeba, mimi na wewe na huyo mtafiti aliyekuja kwenu, kimelala humo humo ndani ya seli B na hakiondoki mpaka unakufa. Sisi Afrika tunakipata tukiwa wadogo sana hata hatujui. Sasa ukimkuta mtoto mwenye Burkitt ukampima ukakuta EBV umejifunza nini? Hakuna. Na ukikuta kingamwili zake ziko juu hujui kama zilikuwa juu kabla ya kansa au kansa ndio imezipandisha. Mgonjwa anakupa picha ya mwisho wa filamu, mwanzo hauko.

Njia pekee ya kupata mwanzo ni kuchukua damu za watoto wengi wakiwa wazima, kuzigandisha, alafu unasubiri. Ndicho kilichofanyika wilaya ya West Nile, Uganda, kuanzia 1972. Shirika la utafiti wa kansa la WHO, ambalo linalipiwa na serikali wanachama, na hapo pia hela ya Marekani iliingia, lilichukua damu za watoto karibu 42,000. Elfu arobaini na mbili! Miaka ya Amin, barabara hakuna, friza zinategemea umeme wa kubahatisha. Wakasubiri. Katika wote hao, mpaka walipotoa majibu mwaka 1978, watoto 14 walikuwa wamepata Burkitt huku damu yao ya zamani ipo kwenye friza. Wakatoa zile damu wakazilinganisha na za watoto wenzao waliobaki wazima, na wakakuta wale waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili za EBV nyingi kupita kawaida muda mrefu kabla uvimbe haujaonekana, na mwenye kiwango cha juu hatari yake ilikuwa takriban mara 30. Hapo ndio dunia ikakubali.

Kwahiyo mdogo wangu, watoto 14 walioumwa wasingetuambia chochote bila wale maelfu ambao hawakuumwa. Damu ya mwanao mzima ina thamani kwa sababu ni mzima.

Na usidhani ni sisi tu tunaofanyiwa hivyo. Jeshi la Marekani linatunza damu za wanajeshi wake kwenye mafriza tangu enzi za kuanza kuwapima HIV. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walipitia rekodi za wanajeshi zaidi ya milioni kumi, wakawakuta 955 waliopata ugonjwa wa multiple sclerosis wakiwa kazini, ule ugonjwa ambao seli za kinga zinashambulia mishipa ya fahamu ya mwenyewe mpaka mtu anashindwa kutembea, wakarudi kwenye damu zao za zamani. Waliokuwa hawana EBV mwanzoni na wakaambukizwa baadaye, hatari yao ilipanda mara 32. Kirusi kile kile kilichotoka kwenye taya la mtoto wa Kampala. Multiple sclerosis ni ugonjwa wa nchi za baridi zaidi, kwetu ni adimu, kwahiyo hapo unaona safari hii faida imeelekea kwao. Mwaka huo huo taasisi ya serikali yao ya magonjwa ya kuambukiza ikaanza kujaribu chanjo ya EBV kwa watu. Ikija kufanya kazi italipwa na soko la wagonjwa wa kule, na mtoto wa Rorya atanufaika kwa kupanda lifti, ndivyo dunia ilivyo.

Turudi kwenye mbu. Klorokwini aliyomezeshwa mama yako ilikuwa na maana yake. Kuanzia 1977 mpaka 1982 shirika lile lile la WHO lilikuwa linagawa klorokwini kwa watoto wa chini ya miaka kumi huko North Mara kwenye tambarare, wazo likiwa kama malaria ndio mshirika wa EBV basi ukipunguza malaria Burkitt ipungue. Na kweli ilishuka sana, 1980 na 1981 ilikuwa chini kuliko miaka yote iliyorekodiwa, alafu vidonge viliposimama ikapanda tena. Ungedhani kesi imeisha. Ila ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge, na katikati ya mradi malaria yenyewe ikaanza kurudi huku watoto bado wanameza, klorokwini inaanza kushindwa. Kwahiyo waliandika kwa uaminifu kwamba inaelekea hivyo lakini hawawezi kuapa. Mimi nawaheshimu kwa hilo, ingekuwa rahisi sana kupiga vigelegele.

Ikabidi swali lirudi maabara kwenye seli zenyewe, na hapa ndipo utafiti wa sasa ulipo, kwahiyo nitakaa kidogo.

Seli B ina tabia moja ya ajabu. Ili itengeneze kingamwili kali zaidi inakata jeni zake yenyewe, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, na kuziunga upya, makusudi, ina kimeng'enya (protini ya kufanya kazi ndani ya seli) cha kazi hiyo kinaitwa AID. Ni kama fundi seremala anayekata na kuunga mbao kutwa, akifanya kazi kidogo hakosei, ukimpa oda za usiku na mchana mwaka mzima siku moja ataunga ubao usio wake. Malaria inayorudi rudi ndio oda hizo. Mtoto wa kando ya ziwa anaumwa malaria, anapona, anaumwa tena, vimelea vingine vinakaa tu kimya kwenye damu, na seli zake B hazipumziki, zinakata na kuunga. Mwaka 2015 kundi moja la New York lilionyesha kwa panya kwamba malaria ya muda mrefu inafanya kimeng'enya kile kifanye kazi kupita kiasi na uharibifu wa kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, unaongezeka. Na ukimwangalia mtoto mwenye Burkitt unakuta kosa lile lile karibu kila mara, kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni la kukuza seli, wanaliita MYC, kimehamia mara nyingi kromosomu namba 14, jirani kabisa na jeni la kingamwili ambalo ndani ya seli B halizimwi. Sasa jeni la kukua limewashwa saa ishirini na nne.

Kawaida seli yenye kosa hilo inajiua. Mwili umejiwekea hivyo. EBV aliyelala ndani anaizuia isijiue.

Na bado kuna ulinzi wa mwisho, seli T, ambazo kazi yake mojawapo ni kupita pita na kuua seli B zinazoonyesha dalili za kirusi. Zinakuwa wapi? Hilo ndilo lililoulizwa Kenya. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani, hela ikitoka serikali ya Marekani, walilinganisha watoto wazima wa Kisumu ambako malaria haikatiki na watoto wazima wa Nandi milimani ambako malaria inakuja mara moja moja. Wote wana EBV. Watoto wa Kisumu walikuwa na kirusi kingi zaidi kwenye damu, na wale wa miaka mitano mpaka tisa, yaani umri ule ule wa Burkitt, seli zao T zilikuwa zinaitikia EBV kwa unyonge kuliko za wenzao wa Nandi. Ona hapo, hakuna mgonjwa hata mmoja kwenye hesabu hiyo, ni watoto wa kama mwanao, na ndio waliotuonyesha mlango ulipobaki wazi. Kwa watoto wenye Burkitt wenyewe walikuja kukuta kuna aina ya seli T ya kulenga protini moja ya EBV iitwayo EBNA1 ambayo karibu haionekani kabisa.

Kwahiyo malaria inafanya kazi pande mbili, inazichosha seli B mpaka zinakosea na inapunguza makali ya seli T zinazotakiwa kuzidhibiti. Mbu wa Burkitt alikuwa na hatia kweli ila sio kwa kubeba kirusi.

Baadaye, kati ya 2010 na 2016, kukawa na utafiti mkubwa unaitwa EMBLEM, Uganda, Tanzania na Kenya, Mara ikiwemo, chini ya Dokta Sam Mbulaiteye, Mganda anayefanya kazi kwenye taasisi ile ile ya kansa ya Marekani. Nao walichukua watoto wagonjwa na watoto wazima wa vijiji hivyo hivyo. Moja ya walichokipata, watoto waliobeba nusu ya sikoseli, yaani wameirithi kwa mzazi mmoja tu, ambao tunajua malaria kali haiwapati kirahisi, hatari yao ya Burkitt nayo ni ndogo. Huo ni ushahidi mtamu sana kwa sababu mtoto hachagui jeni lake, huwezi kusema labda familia zao zina hela au wanalala kwenye chandarua.

Sasa sisi tumepata nini. Nitakujibu bila kupamba.

Tumepata dawa, na tunayo tangu miaka ya 60, cyclophosphamide ni dawa ya bei ya chini kwa viwango vya dawa za kansa. Tumepata ufahamu kwamba kila chandarua na kila chanjo ya malaria ni silaha dhidi ya kansa hii pia. Tumepata wataalamu wetu, maabara, na taasisi kama ile ya Mulago. Lakini kwenye nchi tajiri zaidi ya watoto tisa katika kumi wenye Burkitt wanapona, na tangu utafiti wa kimataifa uliotoka 2020 wakiongezewa rituximab, dawa inayolenga seli B, hata wale wenye ugonjwa uliosambaa wamefika huko. Kwetu hospitali nyingi zinahesabu nusu, au chini ya nusu. Na sababu kubwa sio kwamba sayansi haijui. Mtoto anang'olewa meno kwanza, anapelekwa kwa mganga, kituo cha afya kinampa antibayotiki wiki tatu, anafika hospitali kubwa tumbo limejaa, vipimo vya patholojia vinachelewa, dozi ya pili dawa imeisha stoo, nauli ya kurudi dozi ya tatu baba hana. Hakuna seli hata moja kwenye orodha hiyo. Hiyo ni bajeti ya afya, na hiyo sio kazi ya mlipakodi wa Marekani, ni yetu. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kitambo kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na mwaka 2001 kule Abuja zikaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, wewe mwenyewe unaona tulipofika. Na mwaka 2025 Marekani ilipobadilisha utaratibu wa kupeleka hela za utafiti nje na kufunga shirika lao la misaada, maabara ngapi huku zilibaki zinahesabu miezi. Ukijengewa nyumba na jirani usishangae akibeba ngazi yake.

Kuhusu damu kuuzwa. Damu ya mwanao haiuzwi, kijiko kimoja cha chai cha damu hakina soko. Lakini sitakucheka, kwa sababu kuna historia. Seli za Burkitt zilizokua maabara miaka ya 60 bado zinaishi mpaka leo. Kuna aina inaitwa Daudi, ilitoka kwa kijana wa Kiafrika wa miaka 16 mwaka 1967. Kuna nyingine inaitwa Namalwa. Zinaagizwa na maabara dunia nzima kwa hela nzuri tu, na seli za Namalwa zilitumika kiwandani kutengenezea interferoni, protini inayotumika kama dawa, kwa wingi. Enzi hizo hakuna aliyekuwa anakaa na familia na fomu ya kurasa nne kueleza kwamba seli za mtoto wenu zinaweza kuishi miaka sitini na kutengeneza dawa ya kuuzwa. Kwahiyo mzee anayesema pale kijijini kwamba kuna watu walifaidika na miili yetu anazungumza kitu kilichotokea, amekosea njia tu.

Ndio maana siku hizi kuna utaratibu na wewe una haki ya kuutumia wote. Tanzania utafiti wowote wa binadamu lazima uwe na kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ndio wanasimamia kitaifa, omba uonyeshwe namba ya kibali. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, nakala moja ubaki nayo wewe, iwe na namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Uliza wanatoa mililita ngapi na mara ngapi, kwa mtoto wa umri huo mililita tano ni kijiko cha chai. Uliza damu inabaki Tanzania au inasafiri, na kama inasafiri kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Uliza itatunzwa miaka mingapi na kama inaweza kutumika kwa utafiti mwingine, hilo mara nyingi lina kisanduku chake cha kutiki ndiyo au hapana na unaweza kukubali la kwanza ukakataa la pili. Na swali ambalo watu wanasahau kabisa: mkimkuta mwanangu ana malaria leo, au uvimbe, mnafanya nini, nani analipa? Mtafiti mzuri ana jibu tayari mdomoni. Akianza kubabaika, mwambie arudi siku nyingine na bosi wake.

Unaweza kukataa na hakuna huduma ya zahanati utakayonyimwa, wakikutishia toa taarifa. Unaweza kukubali leo ukajitoa mwezi ujao. Ningekuwa mimi na majibu yameniridhisha ningemruhusu atolewe damu, lakini mimi ni mtu wa maabara, nina upendeleo.

Jambo la mwisho halihusu utafiti. Kwenu ni eneo la ugonjwa huu kwahiyo ukiona mtoto yeyote wa mtaani taya au shavu limevimba haraka, au meno yanacheza bila kupigwa, jicho linatokeza nje, au tumbo linajaa ndani ya wiki moja mbili, usikubali ang'olewe meno na usisubiri dozi ya antibayotiki iishe. Waambie waende hospitali ya Shirati, na waombe waandikiwe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, hapo hapo wakitaja jina la ugonjwa kabisa, Burkitt, manake daktari kijana ambaye hajawahi kuuona akisikia jina anashtuka. Kwa ugonjwa huu wiki moja ni nyingi.